Njombe: Zamu ya Kazi Inapogongana na Ratiba ya Dawa

Ukitaja janga na mahali pa kazi, wengi wetu tunakumbuka Korona: ndoo ya maji mlangoni, barakoa, vikao kwa simu. Lakini Njombe kuna janga lililoingia kazini miaka mingi kabla ya hapo, na bado lipo. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022/23 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mikoa mingine yote.

Sasa mwajiri anahusikaje? Twende kwenye dawa. ARV humezwa kila siku. Mtu akizimeza vizuri, virusi hushuka hadi havionekani kwenye kipimo, na hapo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiruka ruka dozi, virusi huzaliana upya na vinaweza kuzizoea dawa. Kwa hiyo hata ratiba ya zamu inaweza kuharibu matibabu.

Hebu tazama kazi zenyewe. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Siku anayokwenda kliniki hana cha kupeleka kwenye mizani. Makambako nako, barabara ya kutoka Songea na Njombe inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Dereva au utingo leo yuko Makambako, keshokutwa yuko Zambia, kliniki yake ameiacha mbali.

Ndiyo maana semina ya Desemba 1 na fulana zake haitoshi. Kuna mambo matatu ya kurekebisha.

Muda. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo. Aliyekuwa anakwenda kliniki mara 12 kwa mwaka sasa anakwenda mara 4 au 2. Kwa mchuma chai, hizo ni siku 8 au 10 za ujira zilizookolewa.

Siri. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza mwajiri kumlazimisha mtu kupima, na Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU. Lakini zahanati ya kazini ikiwa na dirisha la ARV peke yake, foleni inatangaza kila kitu. ARV zikitolewa dirisha moja na dawa za presha na kisukari, nani atajua umefuata nini?

Vibarua. Mpango unaohudumia wenye ajira ya kudumu tu unawaacha watu wa msimu, na hao ndio wengi shambani chai inapochipua.

Ukitaka kupima mpango wa afya wa kampuni yoyote, usianze kuhesabu semina. Uliza: mfanyakazi akienda kuchukua dawa, anapoteza shilingi ngapi? Kama anapoteza ujira wa siku nzima, usishangae akianza kuruka kliniki.