MKAGUZI WA UMEME APIME, ASITAZAME TU

Tangu umeme wa bara ulipofika Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba nayo ikaunganishwa na Tanga mwaka 2010, taa si anasa tena visiwani petu. Mtu wa shamba ana friji, ana pasi, na pengine pampu ya maji. Lakini kila chombo chenye mwili wa chuma kiingiacho nyumbani huzidisha haja ya kitu ambacho mwenye nyumba hakioni wala hakifikirii, nacho ni waya wa ardhi. Umeme unapovuja na kuushika mwili wa friji, waya huo huupa njia ya kurudi, ili fyuzi ikatike au swichi ya kinga ianguke. Usipokuwapo, mtoto aliyesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji ndiye awaye njia.

Mzee mmoja wa upande wa uwanda alitembelewa na mkaguzi. Mkaguzi alifungua kisanduku cha fyuzi, akauona waya wa ardhi wa milimita nne za mraba, akatikisa kichwa. “Mzee wangu, huu mwembamba. Tia wa kumi.” Mzee akauza mbuzi, akanunua waya. Mkaguzi akarudi, akatazama, akatia saini. Friji nayo ikaendelea kumtetemesha mkewe kila alipoigusa kwa mkono ulioroa.

Ndugu wasomaji, unene wa waya haukisiwi kwa jicho. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamezirithi, zina njia mbili. Ya kwanza ni jedwali: ikiwa waya wa umeme hauzidi milimita 16 za mraba, wa ardhi uwe sawa nao, ukiwa kati ya 16 na 35, wa ardhi uwe 16, ukizidi hapo, uwe nusu yake. Njia ya pili ni hesabu ya joto. Mkondo wa hitilafu wa ampea 1,000 ukipita kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, waya wa shaba wenye ganda la plastiki unahitaji milimita 2.2 tu. Basi waya wa nne waweza kuwa salama katika nyumba moja na usifae katika nyingine. Sehemu iliyozikwa ina sharti lake: shaba tupu isiyokingwa na kutu isipungue 25, maana udongo huila.

Lakini kosa kubwa la mkaguzi yule halikuwa katika waya. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe iliyopigwa ardhini hutegemea ukinzani wa ardhi. Fimbo yenye ukinzani wa omu 20, kwa umeme wa volti 230, hupitisha ampea 11.5. Fyuzi ya 30 haitajua kwamba pana jambo. Ukinzani ukiwa omu 200, hupita kama ampea moja tu, na friji hukaa na umeme mwilini mchana kutwa, hata waya uwe mnene kama kamba ya jahazi. Na huko uwanda udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe. Nyundo hugonga jiwe, fundi akachoka, akaikata fimbo iliyobaki juu. Fimbo ya mzee huyu ilipochimbuliwa haikuzidi dhiraa moja. Iliyopimwa wakati wa masika, tena, si ile ya kaskazi ardhi ikiwa imekauka.

Ndiyo maana pahala kama hapo hutiwa swichi ya kinga inayoanguka umeme ukivuja miliampea 30. Kwa swichi hiyo, hata fimbo ya omu 200 haiachi zaidi ya volti 6 zikae mwilini mwa chombo bila umeme kukatwa.

Mkaguzi asiyepima hudhulumu mara mbili: humtoza mnyonge gharama isiyo na haja, kisha humwachia hatari ile ile na kuitia saini. Tunawaomba wahusika wa serikali waifanye fomu ya ukaguzi idai tarakimu ya omu pamoja na tarehe ya kupimwa, wala isikubali neno “nzuri”. Mkaguzi asiwe ndiye aliyetandaza nyaya. Watasema vipimo ni ghali. Ni ghali kweli, lakini kimoja chaweza kutumiwa na wilaya nzima.

Kwa mzee alikuja kijana mmoja fundi. Alipiga fimbo mpya karibu na pahala pa kutawadhia, ambapo udongo haukauki, akapima, akapata omu 140, akatia swichi ya miliampea 30. Swichi ikaanguka papo hapo, ikakataa kukaa mpaka friji ilipotengenezwa. Waya wa kumi ameuacha pale pale. Mbuzi alikwisha liwa.