Ardhi Ikitetemeka: Wajibu wa Chama cha Msingi katika Kuratibu Misaada

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Tunduma



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, nilimwomba Katibu anionyeshe daftari la wanachama. Daftari lilikuwapo, tena lenye jalada zuri. Lakini wanachama kadhaa walioandikwa humo walikwisha fariki, na wajane wao, ambao ndio walioendelea kuleta kahawa ghalani, hawakuandikwa popote. Nilipouliza sababu, Katibu alinijibu, “Ndugu Mkaguzi, sisi hapa tunajuana.” Jibu hilo laweza kutosha siku ya mizani. Siku ya maafa halitoshi hata kidogo, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Huenda mwanachama akauliza: tetemeko la ardhi latuhusu nini sisi wa Tunduma, Mbozi, Momba na Ileje? Latuhusu sana. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, ambalo huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Desemba 2009 ardhi ilitetemeka mara kwa mara kwa muda wa wiki mbili hivi huko Karonga, Malawi, ng’ambo ya Mto Songwe. Nyumba nyingi zilibomoka, watu wakafariki, na wengi wakalala nje wakati wa mvua kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Mwaka 1910 nchi hii ilikuwa na watu wachache na nyumba za miti na majani. Leo tunazo nyumba za matofali zisizo na nondo, maghala, na mji wa mpakani uliojaa watu.

Somo kubwa zaidi kwetu limetoka Kagera. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huo. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine nyingi zikapata nyufa kiasi cha kutokalika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Watanzania walichanga kwa moyo mmoja, na nchi jirani na marafiki wakatoa chao.

Hata hivyo, mambo mawili yalitia doa. La kwanza lilihusu fedha. Mwezi huo huo wa Septemba, viongozi wa ngazi ya mkoa na manispaa waliondolewa katika nafasi zao kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Kuhukumu si kazi yangu. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninalosema ni kwamba akaunti zikiwa mbili, mchangaji hushika mkoba wake. La pili lilihusu matumaini. Januari 2017, Rais Magufuli akiwa Kagera aliwaeleza wananchi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, bali itashughulikia majengo na huduma za umma. Wengi walikuwa wakingoja kujengewa. Aliyekwisha ambiwa mapema hutafuta njia. Anayengojeshwa huishi chini ya turubai na manung’uniko.

Basi chama cha msingi kifanye nini? Kwanza tuelewe mahali petu. Chama si Serikali, wala si Msalaba Mwekundu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa na mkoa mpaka wilaya, kata na kijiji. Chama hakina budi kufanya kazi chini ya kamati hizo, si kando yake. Lakini chama kina vitu vitatu ambavyo kamati nyingi hazina: daftari la watu, ghala, na Katibu aliyezoea kuandika stakabadhi. Ndiyo maana mchango wetu waweza kuwa mkubwa.

Orodha. Msaada hufuata jina lililoandikwa. Daftari lionyeshe, kwa kila mwanachama, kitongoji chake, idadi ya watu wa kaya yake, wazee, watoto wachanga na wasiojiweza, pamoja na jina la mrithi. Nakala moja ikae nje ya ofisi, kwani ofisi nayo yaweza kuanguka. Siku ya maafa orodha hiyo ipelekwe kwa kamati ya kijiji au mtaa ili iunganishwe na ya kwao, isiwe orodha ya pili ya kushindana nayo. Tunduma ina wapangaji, vibarua na madereva ambao hawamo katika daftari lolote, na wapo wenye jamaa Nakonde watakaovuka mpaka kutafuta hifadhi. Hao waandikwe pale walipo siku hiyo, ili asiwepo wa kuhesabiwa mara mbili wala wa kusahaulika.

Ghala. Kabla mtu hajaingia, fundi azikague kuta, maana mitetemo midogo hufuata mkubwa na huangusha kilichokwisha legea. Mali ya msaada iwekwe mbali na kahawa au mahindi ya wanachama, na iwe na leja yake. Kila gunia lipokelewe kwa hati na litolewe kwa hati, likiwa na saini ya anayetoa, ya anayepokea na ya shahidi kutoka kamati ya kijiji. Kadhalika, tuulize kinachohitajika kabla ya kukusanya. Watu wanaolala nje kwenye mvua wanahitaji maturubai, maji safi na vyombo vya kupikia. Marundo ya nguo kuukuu hujaza ghala na kuchelewesha malori.

Fedha. Chama kisifungue akaunti ya maafa kwa jina lake. Michango ya wanachama ipokelewe kwa stakabadhi na ipelekwe katika akaunti iliyotangazwa na Serikali. Fedha za chama chenyewe zisiguswe bila azimio la mkutano mkuu, hata kama Bodi ina huruma kiasi gani. Hapa tutofautishe: mfuko wa dharura waliouchangia wanachama ni wa wanachama, lakini msaada ulioletwa kwa ajili ya wote ni wa wote. Tetemeko haliulizi hisa. Katibu atakayempa mwanachama kwanza na kumwacha jirani asiye mwanachama ameuvunja ushirika, kwa sababu kanuni ya saba ya ushirika duniani, iliyopitishwa mwaka 1995, yatutaka tuijali jamii inayotuzunguka.

Taarifa. Kila jioni ibandikwe ukutani au mtini karatasi yenye mambo manne: kilichopokelewa, kilichotolewa, waliopewa, na kilichobaki. Karatasi hiyo ieleze wazi pia kile ambacho hakitatolewa. Uvumi hustawi mahali ambapo hesabu imefichwa.

Ndugu Makatibu, hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Yahitaji kalamu, daftari na ajenda moja katika mkutano ujao. Nitakapofika kwa ukaguzi nitauliza tena daftari la wanachama. Nitafurahi nikilikuta jina la yule mjane limeandikwa, pamoja na idadi ya watoto wake na kitongoji anachoishi. Ardhi haitangazi siku yake. Sisi twaweza kuitangulia.