Mashine Kuukuu, Swichi Mpya

Matope yaliyorundikwa Kingamyambo, nje kidogo ya Kolwezi, tangu miaka ya 1950 yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa makapi ya mtambo wa shaba, basi. Tangu 2018 mradi wa Metalkol unayachota upya na kutoa humo shaba na kobalti. Hesabu hiyo mpya, kwamba cha zamani bado kina kazi, imekubalika kwa udongo. Kwa kompyuta bado watu wanasita. Kipimo cha maabara, mizani ya malori au printa ya stoo ikigoma kuwasiliana na swichi mpya ya netiweki, hukumu hutoka upesi: imezeeka, itupwe. Mimi nasema umri mara nyingi unasingiziwa. Tatizo liko kwenye mpangilio wa poti mbili zinazotazamana, na hutibika bila kuagiza kitu.

Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde juu ya nyaya zilizosokotwa ilisanifishwa mwaka 1990, ya megabiti 100 mwaka 1995, ya gigabiti mwaka 1999, na zote zinaingia kwenye tundu lile lile la pini nane. Mbili za kwanza hutumia pini za 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inadai nyaya zote nane. Kwa hiyo kebo iliyokatika kwenye pini ya 4 itaihudumia mashine ya zamani miaka na miaka, kisha siku inapochomekwa kompyuta mpya, lawama zote zinaiangukia swichi. Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa zamu. Poti za kisasa huafikiana zenyewe kasi na namna ya kutuma. Swichi ikikuta upande wa pili uko kimya, hutambua kasi kutokana na ishara za umeme, lakini haina njia ya kujua kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja au kwa kupokezana. Kanuni inaitaka ichukue kupokezana. Sasa fikiria kadi ambayo fundi aliifunga kwa mkono kwenye megabiti 100, kutuma na kupokea kwa pamoja. Taa ya kijani inawaka, ping inajibu, kila mtu anaridhika. Ukituma faili kubwa linatambaa, na kaunta za swichi zinajaa migongano iliyochelewa. Ziachie pande zote mbili ziafikiane, au zifunge zote mbili sawasawa. Kufunga upande mmoja ndiko kunakoharibu.

Ni kweli kwamba poti nyingi mpya za gigabiti 10 zimeacha kabisa megabiti 10, na hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Swichi ndogo ya 10/100/1000 ikiwekwa katikati inamaliza kazi. Kifaa cha Modbus kinachotumia RS-485 nacho kinahitaji kigeuzi, maana hicho hakikuwahi kuwa cha Ethernet.

Pingamizi zito ni la usalama. Kompyuta ya Windows XP haijapata matengenezo ya kawaida tangu Aprili 2014, na kuiunganisha na netiweki ya ofisi nzima ni uzembe. Lakini kuunganisha si lazima kuwe kuiachia njia zote: ipewe VLAN yake, iruhusiwe kufikia seva moja inayopokea matokeo ya vipimo, na intaneti isiione kamwe. Wengine watasema kununua mpya ni nafuu. Kompyuta, ndiyo. Ila kompyuta ile ndiyo inayoendesha kipimo, na programu yake pengine haikubali mfumo mwingine. Unachonunua upya ni kipimo kizima, pamoja na safari yake ya barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ninapokubali kushindwa ni pale pawa saplai inapokufa kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na ya aina ile haitengenezwi tena. Hapo swichi haina la kufanya.