Mkwaju wa Marehemu Baba Umebaki Shibiri Mbili

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alishona kanzu Nairobi kwa miaka mingi, katika chumba cha nyuma Biashara Street, mwendo mfupi kutoka Msikiti wa Jamia. Kwake kulikuwa Kangemi. Alipofariki mwaka juzi tulilipa kwanza deni lake la vitambaa, kisha tukagawana kilichobaki kwa sheria ya mirathi: cherehani, mikasi miwili, saa ya ukutani na pesa kidogo. Mkwaju haukugawika. Ulikuwa uani ndani ya pipa la rangi, umenipita kimo, na mwenye nyumba alitaka kila kitu kiondoke mwisho wa mwezi. Kakangu akasema tuukate kuni. Dadangu akalia. Nikasema nauchukua mimi, nami nakaa ghorofa ya tatu, roshani yangu haitoshi kuanika shuka mbili.

Mbegu yake baba aliitoa katika ukwaju wa futari alioletewa kutoka Mombasa. Haukuwahi kuzaa hata siku moja. Mkwaju ni mti wa joto, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Baba hakujali. Kila akitoka kazini aliumwagia maji aliyooshea mchele.

Muuza miche mmoja wa kando ya Waiyaki Way ndiye aliyeniambia, "Mzee, huo ufanye bonsai." Nilidhani bonsai ni mbegu maalumu ya Wajapani. Kumbe ni mti wowote wa kawaida unaopunguzwa matawi na mizizi ili uishi chomboni. Ukiurudisha ardhini utarefuka kama wenzake. Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake mmea wa kwenye sinia, lakini kazi ilianza China. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, kuna picha ukutani ya mtumishi aliyebeba chombo chenye mimea midogo. Siku hizi mwanafunzi wa kazi hii mara nyingi huanzishwa na elm ya Kichina, kwa kuwa ina majani madogo na husamehe makosa ya mkasi. Mkwaju wetu una sifa hizo hizo: vijani vyembamba, gome linalopasuka mapema ukaonekana mkongwe, na hutoa machipukizi pale ulipokatwa. Wahindi na Wafilipino wanautumia sana.

Jambo gumu ni lile la kwanza. Mti wa kimo cha mtu haugeuki bonsai kwa kupunguzwa majani. Lazima shina likatwe, ubaki mfupi na mnene, kisha matawi mapya yaanze upya chini. Nilipima shibiri mbili kutoka kwenye udongo, nikatia alama kwa chaki ya kushonea, nikakaa siku tatu nikiitazama. Baba aliuacha urefuke miaka yote ile, mimi nakuja kuukata. Siku ya nne nikachukua msumeno. Mkasi wake sikuthubutu kuutumia.

Nikaukata mwezi Juni. Hilo lilikuwa kosa, tena la mtu wa pwani aliyesahau yuko wapi. Nairobi, Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10, na mkwaju wakati huo umelala. Mti huchipua kwa nguvu uliyoweka akiba kwenye mizizi, na ukikatwa katika baridi hukaa na kidonda wazi bila kufanya kitu. Wakati mzuri ni mwisho wa Februari au Machi, joto lipo na masika yanakaribia. Julai yote ulisimama kama mti wa kufungia mbuzi. Kila baada ya sala ya Alfajiri nilikuwa nakwaruza gome kwa ukucha, kidogo tu: chini yake pakiwa kijani, mti uko hai, pakiwa hudhurungi na pakavu, umekwenda. Palikuwa kijani. Mwisho wa Septemba vikatoka vichomozo vitano. Nilimpigia dadangu simu kabla sijanywa chai.

Mizizi sikuigusa mpaka Machi iliyofuata. Usikate juu na chini siku moja. Mti hautajua upone wapi. Mkwaju una mzizi mmoja mkuu unaoshuka moja kwa moja, na huo ndio hukatwa, ile mizizi midogo ya pembeni ikaachwa kwa wingi. Udongo wa shambani haufai, hushikana kama sima. Nilichanganya kokoto ndogo, mchanga mkubwa na samadi iliyooza, maji yakapita upesi. Nikauweka kivulini wiki tatu. Kumwagilia hakuna ratiba: tia kidole, ukikuta pakavu mwaga.

Waya niliutoa kwa fundi umeme wa Luthuli Avenue, shaba laini. Hufungwa kwa kuzungushwa mshazari, tawi likiwa bado changa, kisha huinamishwa polepole. Tazama kila wiki. Tawi likinenepa waya huuma gome na alama haitoki. Na usiuweke juu ya televisheni kama pambo. Ni mti, unataka jua.

Rafiki yangu mmoja wa msikitini ameniuliza kama huku si kutesa kiumbe. Nimemwambia kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa hivi karibu mwaka 1625. Familia ya Yamaki ya Hiroshima iliurithishana, na bomu la 1945 lilipolipuka kiasi cha kilomita 3 kutoka kwao, mti ukasalimika nyuma ya ukuta. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, na kisa cha bomu hakikujulikana huko mpaka wajukuu zake walipokuja kuutazama mwaka 2001. Uko Washington hadi leo. Rafiki yangu hakuridhika sana, lakini ameomba mche.

Wangu una matawi matatu sasa. Magharibi ikiingia hukunja majani yake, kama mikwaju yote. Kile kipande cha juu kakangu alikichukua, yule wa kuni, akakichonga mchi wa kinu. Mti wa mkwaju ni mgumu. Mkewe anasema hajapata mchi kama ule.