Kuzaliwa Mara ya Pili na Ubatizo

Mara nyingi Mkristo aliyeguswa na uamsho humjia mchungaji akiomba abatizwe tena. Tumjibuje? Katika Yohana 3:3 neno la Kiyunani anothen lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza tu, akauliza habari za tumbo la mama. Bwana alimwelekeza kwa Roho. Basi utu mpya hautokani na nguvu ya toba yetu, bali ni kipawa cha Mungu. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba ubatizo una kazi kila siku: Adamu wa kale azamishwe kwa toba, mtu mpya afufuke. Kwa hiyo tusimbatize tena, wala tusiidharau furaha yake. Tumrudishe kwenye ubatizo wake ule ule, maana ahadi ya Mungu haikutanguka.