Mpira Unaookoa Mgongo wa Mama

Bwawa la sato nyuma ya nyumba huwapa watoto kitoweo, lakini kazi ya kubadili maji mara nyingi humwangukia mama. Hebu tupige hesabu. Bwawa la mita 5 kwa 4, lenye kina cha mita 1, lina lita 20,000. Kutoa robo tu ni ndoo 250 za lita 20, na kila moja ina kilo 20. Mama mjamzito asiiguse kazi hiyo.

Kwenye milima ya Ngara, mteremko ni msaada. Chukua mpira wa kumwagilia, uzamishe wote bwawani mpaka mapovu yaishe. Ncha moja ibaki chini, ambako uchafu hukaa. Nyingine izibe kwa kidole, ivute hadi kwenye migomba iliyo chini ya bwawa, kisha achia. Maji yatateremka yenyewe. Usiyavute kwa mdomo, mama! Yana vijidudu vya kuharisha. Ukiingia bwawani vaa buti, maana penye konokono huweza kuwapo kichocho. Ncha ya ndani ifunge wavu mdogo ili vifaranga wasipite, lakini si chandarua chenye dawa. Dawa hiyo huua samaki.

Kwenye tambarare za Biharamulo, pampu ya kukanyaga kwa miguu hufaa zaidi, nayo huleta pia maji mapya kutoka kijitoni. Yaache yaanguke kutoka juu yachukue hewa. Yale ya bomba yenye klorini yakae wazi kwanza siku moja au mbili.

Ukiwaona sato wakihema juu ya maji alfajiri, usingoje Jumamosi. Badili asubuhi ile ile.