Mashine ya kuosha vyombo: mambo ya kujua kabla ya kuiwasha mara ya kwanza

Umefika. Umekabidhiwa funguo za nyumba katika mji ambao jina lake bado linakupa shida kulitamka. Jikoni, kando ya sinki, kuna mlango mpana unaofunguka kuelekea chini, na ndani yake kuna trei mbili za waya. Si jiko la kuokea, wala si friji. Ni mashine ya kuosha vyombo, na katika nyumba nyingi za kupanga nchini Marekani na Kanada utaikuta tayari imefungwa chini ya kabati.

Makala hii inakuhusu ikiwa unasubiri kuhamishiwa nchi ya tatu kutoka Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au kwingineko. Inakuhusu pia ikiwa una ndugu aliyekwisha kusafiri na anakupigia simu na maswali, au ikiwa wewe ni mwenyeji wa maeneo haya na unafanya kazi katika nyumba au hoteli yenye mashine hiyo. Tuseme jambo moja wazi: kuisoma hakubadilishi chochote kwenye faili lako. Nafasi za kuhamishiwa nchi ya tatu ni chache sana. Kila mwaka wanaozipata hawafiki hata mkimbizi mmoja kati ya 100 duniani, na hakuna hatua yoyote ya UNHCR inayolipiwa pesa.

Inaoshaje?

Wengi hudhani mashine hujaa maji kama beseni. Sivyo. Huvuta maji kidogo, huyapasha moto, kisha pampu huyasukuma kupitia mikono yenye matundu iliyo chini ya trei. Mikono hiyo huzunguka na kurusha maji kwa nguvu kwenye vyombo. Maji yaleyale hupita kwenye chujio na kurushwa tena na tena, halafu humwagwa, na mashine huvuta maji mengine ya kusuuza. Ndani hakuna dodoki wala kitu chochote kinachosugua. Kinachosafisha ni maji ya moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 45 na 70, pamoja na sabuni kali. Shika hilo, na karibu kila utakachosoma hapa chini kitakuwa na maana.

Mashine ya kisasa hutumia takribani lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja, yaani pungufu ya dumu moja la lita 20. Kwa mtu aliyezoea foleni ya bombani hayo si maji kidogo, maana lita 20 ndicho kiwango ambacho UNHCR hulenga kwa mtu mmoja kwa siku kambini. Lakini huko uendako wengi huosha vyombo huku bomba likiwa wazi, na bomba la jikoni linaweza kumwaga lita 6 hadi 8 kila dakika. Ukilinganisha na hao, mashine ndiyo inayookoa maji. Wewe unayeosha kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, tayari unabana maji, na huna sababu ya kuona haya kwa hilo.

Sabuni ndiyo yenye hatari

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Dukani kuna sabuni za aina mbili ambazo huwekwa karibu karibu kwenye rafu moja. Ya kwanza ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Chupa yake imeandikwa "dish soap" au "dishwashing liquid". Ya pili ni ya mashine, na pakiti yake imeandikwa "dishwasher detergent". Tofauti kwenye maandishi ni herufi chache tu. Tofauti ndani ya mashine ni kubwa: sabuni ya mkono hutoa povu, na maji yakirushwa kwa nguvu povu hilo huongezeka mpaka likatafuta njia ya kutoka.

Mwandishi wa makala hii alijifunza hilo akiwa mwanafunzi nje ya nchi. Sabuni ya mashine ilikuwa imeisha, akaona vijiko viwili vya sabuni ya sinki havitadhuru. Baada ya dakika kumi povu lilikuwa limevuka mlango wa jikoni, na jirani wa chini akaja kubisha hodi. Likikutokea, usiogope. Zima mashine kwa kubonyeza "Cancel" na kushikilia kwa sekunde chache, subiri ipoe, fungua, kisha futa povu kwa taulo. Nyunyiza chumvi kidogo au kikombe cha siki nyeupe kulikobaki povu ili lilale, halafu endesha mzunguko mfupi wa kusuuza bila sabuni. Huenda ukahitaji kurudia mara mbili.

Povu ni usumbufu. Jambo zito zaidi ni watoto. Sabuni ya mashine ni kali kuliko ile unayoshika kwa mkono, na inaweza kuunguza mdomo, koo na macho. Siku hizi huuzwa pia kama vidonge laini vya rangi ya buluu, kijani na nyeupe, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni peremende. Weka pakiti kwenye kabati la juu, si chini ya sinki. Weka sabuni kwenye mashine mwisho kabisa, ukiwa tayari kuiwasha, na funga mlango papo hapo. Baada ya kuosha, angalia kama kuna kipande kilichobaki bila kuyeyuka kabla mtoto hajakifikia. Shika vidonge kwa mkono mkavu, kwa sababu ngozi yake huyeyuka ikigusa maji.

Mtoto akimeza, usimtapishe. Itapike yenyewe au isitapike, wewe usimtie kidole kooni wala usimpe mafuta au maziwa mengi kama tulivyozoea kuambiwa. Mtoe mabaki mdomoni, mfute na kumsuuza mdomo, na ikiwa yuko macho na anameza vizuri mpe maji kidogo kidogo. Ikiingia jichoni, liweke chini ya maji ya bomba yanayotiririka taratibu kwa dakika 15 hadi 20. Kisha piga simu. Marekani, kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa 24, bila malipo. Kanada ni 1-844-764-7669. Sema neno "Swahili" na usubiri mkalimani. Mtoto akishindwa kupumua, akizimia au akipata degedege, piga 911 moja kwa moja.

Kupanga vyombo

Kungua mabaki ya chakula kwanza. Huna haja ya kuosha sahani kabla ya kuiosha, ila punje za wali, mifupa ya samaki na nyuzi za sombe zikibaki huziba chujio, na chujio likiziba maji machafu hurudi kwenye vyombo. Sufuria yenye ukoko wa ugali iloweke usiku kucha. Mashine haiwezi kuubandua.

Sahani na vyombo vizito hukaa trei ya chini, vikombe na glasi trei ya juu, vyote midomo ikitazama chini. Ukiweka kikombe kimekaa wima kitatoka kimejaa maji machafu. Vyombo vya plastiki viweke juu, kwa sababu kwenye mashine nyingi kifaa cha kupasha moto kiko chini na kinaweza kuvikunja. Sahani zisilaliane. Maji yasipofika, chombo hakioshwi, hata ungeendesha mashine mara tatu. Kabla ya kufunga mlango, sukuma ile mikono kwa kidole: ikizunguka bila kugonga mpini wa kijiko au sufuria, uko sawa.

Sasa vile visivyoingia kabisa, na hapa vyombo vyetu vingi vimo. Sufuria za aluminiamu, zile nyepesi zinazouzwa katika kila soko letu, hutoka zimefubaa na kuwa nyeusi, na weusi huo unaweza kushika mikono na taulo. Mwiko, kinu na ubao wa kukatia hupasuka. Chungu cha udongo hufyonza sabuni. Kikaango cha chuma kizito hushika kutu. Chupa ya chai huingiza maji kati ya kuta zake na haihifadhi joto tena. Visu vikali huwa butu, na pia ni hatari kwa anayepakua. Kwa familia inayopika ugali, maharage na majani ya muhogo kila siku, ina maana kwamba nusu ya kazi bado itafanyika kwenye sinki. Ni vizuri ujue mapema, maana ndugu wengi huvunjika moyo wakidhani wamekosea.

Siku ya kwanza kuiwasha

Chagua siku utakayokuwepo nyumbani mpaka mwisho. Fungua bomba la maji ya moto kwenye sinki mpaka yatoke ya moto kweli, kisha lifunge, kwa sababu mashine nyingi za Marekani huchukua maji kwenye bomba hilohilo. Weka sabuni kwenye kikasha chake kilicho upande wa ndani wa mlango, funga kifuniko chake, chagua "Normal", bonyeza "Start", sukuma mlango mpaka ulie "kle!".

Itanguruma, itanyamaza, itaanza tena. Ndivyo ilivyo. Mzunguko wa kawaida unaweza kuchukua saa mbili au zaidi, na ule wa kubana umeme huwa mrefu kuliko wote kwa kuwa hutumia maji yasiyo ya moto sana. Usifungue mlango katikati. Mvuke unaweza kukuunguza uso. Ikiisha, iache dakika 20 ipoe, kisha pakua trei ya chini kwanza ili matone ya juu yasilowanishe vyombo vikavu. Maji kidogo karibu na chujio ni kawaida, si ubovu. Chujio lenyewe hutolewa kwa kuzungusha. Lioshe kila baada ya wiki mbili au tatu.

Ukiona maji sakafuni, zima mashine, funga valvu iliyo chini ya sinki, na umjulishe mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa ujumbe wa maandishi pamoja na picha. Usinyamaze kwa kuogopa kulaumiwa. Ukinyamaza, sakafu itaoza na gharama inaweza kukatwa kwenye amana uliyolipa mwanzoni. Kwa sababu hiyo, siku ya kupokea nyumba piga picha ya mashine ikiwa wazi, na ya sakafu mbele yake. Kama uliikuta mbovu, picha hizo ndizo shahidi wako.

Je, ni lazima uitumie? Hapana. Familia nyingi huifanya kichanja: huosha kwa mkono na kukaushia vyombo kwenye zile trei. Hakuna atakayekukataza. Iendeshe tu mara moja kwa mwezi ili isitoe harufu na mipira ya mlango isikauke.

Ukitaka kununua

Pima nafasi kwanza. Mashine ya kawaida ina upana wa sentimita 60 hivi, nyembamba ina 45, na kuna ndogo za kuweka juu ya meza zinazotosha watu wawili au watatu. Mpangaji asitoboe kabati bila idhini ya maandishi. Ile ya magurudumu inayounganishwa kwenye bomba la sinki humfaa zaidi. Ukinunua iliyotumika, omba iwashwe mbele yako na utazame chini yake.

Mashine za Ulaya huwa na mahali pa kuweka chumvi ya kulainisha maji magumu. Hiyo ni chumvi maalumu ya mashine, si ya mboga.

Na kwa walio nje wanaotaka kuwatumia wazazi zawadi: mashine ya Marekani hutumia umeme wa volti 120, wakati Kenya, Uganda na Tanzania umeme ni kati ya 220 na 240. Itaungua. Hata iliyo sahihi inahitaji maji ya bomba yenye msukumo na umeme usiokatika katikati ya kuosha, na nauli yake tu ingenunua tangi zuri la kuhifadhia maji.

Ukipata kazi ya jikoni

Kuosha vyombo hotelini ni miongoni mwa kazi za kwanza ambazo wengi hupata. Mashine ya huko ni kitu kingine. Humaliza trei nzima kwa dakika moja hadi tatu, na zile zinazoua vijidudu kwa joto husuuza kwa maji ya nyuzi 82, yanayoweza kukuunguza mara moja. Sabuni huvutwa yenyewe kwa mpira kutoka kwenye dumu. Usilifungue dumu hilo bila glavu na miwani ya kukinga macho, na usichanganye dawa za madumu mawili, kwa sababu nyingine zikikutana hutoa gesi ya sumu. Mwombe msimamizi akuonyeshe mara ya kwanza kwa vitendo, si kwa karatasi, na muulize kipimo cha joto kinasomwa wapi na kisipofika unamwita nani.